Pole Nilizowapa Buibui wa Titye

Wajukuu zangu, na vijana wengine mtakaoshika karatasi hizi, asalaam aleikum. Na ambao salamu yenu ni nyingine, nawasalimu kwa hiyo hiyo yenu. Mimi nimestaafu kazi ya kupiga vichaka kwa fimbo. Msicheke bado. Serikali ilinilipa kwa kazi hiyo miaka mingi, nikalea watoto, nikajenga nyumba mnayokuja kulala kila sikukuu, na sijawahi kuamka asubuhi nikaichukia. Alhamdulillahi. Ni wangapi kati yenu wanaweza kusema hivyo kuhusu kazi zao za kukaa kwenye viti vya kuzunguka?

Kwa jina la ofisini nilikuwa mkusanyaji wa wadudu. Wenye elimu watasema buibui si mdudu, kwa kuwa mdudu ana miguu sita na buibui ana minane. Nakubali. Lakini kwenye barua yangu ya ajira waliandika wadudu, na mimi si mtu wa kubishana na barua ya ajira.

Kazi yenyewe ilinijia dukani. Baba yangu alikuwa na duka Kasulu mjini, na mimi nikiwa kijana nilisimama nyuma ya meza nikiuza sukari, chumvi na mafuta ya taa, vibaya sana. Nilipenda mazungumzo kuliko mizani. Siku moja, kwenye miaka ya sabini, aliingia mwanamke mrefu mwenye viatu vya vumbi, Mpare kutoka Same, mtu wa kanisani, aliyetumwa na idara yake kutafiti viumbe wa milima yetu. Aliitwa Bi Tumaini.

"Mna mwavuli mweupe?" akauliza.

"Mweupe?" nikasema. "Wa bibi harusi?"

"Wa buibui."

Baba alikuwa anakunja vitenge. Akaacha.

"Naugeuza juu chini," Bi Tumaini akaeleza kwa utulivu, kama anayezungumzia kupika ugali. "Naushika chini ya kichaka, napiga kichaka kwa fimbo, buibui wanaanguka ndani. Kwenye kitambaa cheupe nawaona vizuri."

Miavuli yetu yote ilikuwa myeusi. Baba hakutaka mteja aondoke mikono mitupu, akampa mweusi, akamwita fundi cherehani wetu wa barazani aushonee kitambaa cheupe cha marekani kwa ndani. Bi Tumaini alipouliza kama kuna mtu anayejua Kiha na njia za Titye, Nyakitonto na kule Buhigwe, baba hakunitazama hata mara moja. Alisema, "Mchukue huyu. Anaitwa Sefu. Hapa dukani hatutaumia."

Basi nikaanza. Fikirini: kiangazi kikali, anga haina wingu, na kijana wa Mzee Hamisi wa dukani anatembea porini na mwavuli ulioelekea mbinguni kama bakuli, anapiga vichaka. Watu wa Nyakitonto walitusimamisha njiani.

"Sefu, mvua unaiita au unaichota?"

"Natafuta buibui, baba."

"Kwetu wamejaa, mbona hukuuliza? Njoo na mwavuli wako jikoni."

Mzee mmoja alinishika mkono pembeni, akaniambia kwa upole kwamba kama kweli ni dawa ya mvua nisione haya, nipige kwa nguvu zaidi, maana maharage yake yanasubiri. Ile mvua ilinyesha wiki chache baadaye, kwa wakati wake uliopangwa na Mola, na mpaka leo kuna ukoo kule unaonisalimia kwa heshima nisiyostahili.

Sasa ujuzi, maana sitaki mcheke tu bila kupata kitu. Buibui niliowatafuta hawafumi utando wa kunasa nzi. Hawa ni warukaji. Wana macho manane, na mawili ya mbele ni makubwa, yamekaa kama taa za Landrova. Ukimsogelea, anageuka kukutazama usoni. Buibui wengine hawakujali. Huyu anataka kujua wewe ni nani. Kabla hajaruka anabandika uzi mwembamba pale aliposimama, ili akikosa aning'inie, asianguke. Kwa hiyo jua liwe mbele yako, kivuli chako kisimfikie. Pumua kwa pua. Na usiweke wawili katika kichupa kimoja.

Hilo la kichupa nililijua kwa njia ngumu. Wiki ya kwanza nilikusanya watano wazuri mno, nikawatia pamoja ili wasione upweke. Nilipomfikishia Bi Tumaini, alikuwamo mmoja.

"Ulisema watano," akasema.

"Walikuwa watano."

Akainua kichupa kwenye mwanga. "Huyu ameshiba."

Kumkamata tulitumia kichupa chenye kizibo na mirija miwili ya mpira. Mmoja unaelekeza kwa buibui, mwingine unaweka mdomoni na kuvuta pumzi kwa ghafla. Buibui anavutwa, anaingia kichupani. Kinachomzuia asiendelee na safari mpaka tumboni mwako ni kipande kidogo cha shashi, kile kitambaa chepesi chenye vitundu, kinachofungwa mwisho wa mrija wa mdomoni. Siku hizi nimeona vijana wana mashine ndogo ya betri inayovuta yenyewe. Ni nzuri, ila haikufundishi unyenyekevu.

Buibui aliyemleta Bi Tumaini kwetu alikuwa wa jamii moja tu, na hao ndio vituko vya Mwenyezi Mungu. Ni warukaji wanaojifanya chungu. Mnawajua majimoto, wale chungu wekundu wa mitini wanaoshona majani kuwa nyumba na kukuuma mpaka ukacheza ngoma usiyoifundishwa? Ndege na wadudu wengi wanawakwepa. Sasa kuna buibui anayefanana nao: mwili umebanwa kiunoni kama wa chungu, rangi ile ile, anatembea kwa haraka haraka kama chungu aliyechelewa kazini, na miguu yake miwili ya mbele anaiinua na kuipepea kichwani ionekane kama papasi, vile vipembe vya kupapasia. Anaishi karibu nao, anafaidi jina lao, wala hawampi kazi.

Kumtambua kunataka subira. Hesabu miguu, ukiweza. Usipoweza, piga jani kwa kidole: chungu anaanguka chini moja kwa moja, buibui ananing'inia kwenye uzi wake. Niliijua mbinu hii siku ya pili, nikajiona profesa.

Tulipata majike tisa. Dume hatukupata hata mmoja. Na Bi Tumaini alinieleza wazi kwamba bila dume kazi yake ingekuwa bure, kwa sababu buibui hawa hutofautishwa kwa viungo vya dume. Majike wa aina mbalimbali hufanana kama mapacha. Yeye aliamini huyu wa kwetu ni wa aina ambayo hakuna aliyewahi kuiandika. Bila dume, asingeweza kusema hivyo mbele ya mtu yeyote, na idara isingemruhusu kurudi tena.

"Dume wake anafananaje?" nilimuuliza mapema.

"Michoro imo kwenye sanduku langu la vitabu."

Sanduku lilikuwa Kibondo. Lilipakiwa kwenye lori lililovunjika ekseli, na lori lilikuwa bado linasubiri kifaa. Tukaendelea kupiga vichaka, wiki baada ya wiki, tukimtafuta mtu ambaye sura yake ilikuwa Kibondo.

Wakati huo ukaingia mwezi wa Ramadhani. Nikamwendea Shehe Idi, aliyenifundisha chuo cha Kurani tangu nikiwa mdogo, nikamuuliza kama kuvuta hewa kwa mrija kunabatilisha saumu.

"Hewa si chakula," akasema. "Hata mimi navuta, ila bila mrija."

"Na buibui akiingia mdomoni?"

Shehe aliweka tasbihi yake chini. Alikuwa mtu mwenye subira. Alinivumilia miaka minne nikishindwa kutofautisha herufi mbili. "Sefu," akasema, "hilo likitokea njoo. Sitaki kulijibu kabla sijalazimika."

Sanduku lilifika Jumatatu. Gari la kumrudisha Bi Tumaini lilikuwa limepangwa Jumamosi. Alifungua sanduku barazani kwa baba, akachomoa kitabu, akafungua ukurasa wenye mchoro wa dume wa aina nyingine ya jamii hiyo hiyo, akanigeuzia.

"Madume wao huwa hivi. Taya zimerefuka mno kwenda mbele, karibu nusu ya mwili. Ukimwona kwa mbali utadhani ni chungu ambaye…"

"Amebeba mzigo," nikasema.

"Hasa! Umejuaje?"

Nikakaa juu ya gunia la chumvi.

Ili mnielewe, lazima mjue adabu ya njia zetu. Kwetu mtu mwenye mzigo kichwani hazuiliwi. Mama ametoka shambani na kapu la mihogo, wewe unatoka njiani, unakanyaga majani, unamwambia pole na kazi, anapita. Kumsimamisha umsalimie kwa urefu ni kukosa malezi. Mimi nililelewa hivyo. Kwa hiyo kila nilipoona kwenye mwavuli wangu chungu aliyebeba mzigo mbele ya uso wake, niliona haya kumsumbua. Wala sikumpiga kidole kumjaribu. Nani anampiga kidole aliyebeba mzigo? Niliinamisha mwavuli taratibu, nikamrudisha kwenye jani lake.

"Nimewaona," nikasema.

"Wapi?"

"Titye. Nyakitonto. Buhigwe. Kila mahali."

"Ukawafanya nini, Ndugu Sefu?"

Ningeweza kusema nilidhani ni chungu, nikaishia hapo. Lakini mwezi ulikuwa wa Ramadhani, na hata usingekuwa. "Niliwaambia pole na kazi," nikasema. "Nikawaachia wapite."

Bi Tumaini alifunga kitabu. Akainamia magoti, mabega yakaanza kutikisika, na mimi nikaogopa sana, nikadhani nimemliza mtoto wa watu mbali na kwao. Alipoinua uso machozi yalikuwa yanatiririka kweli, ila kwa kicheko. Hakuweza kusema. Alionyesha mwavuli, akanionyesha mimi, akacheka tena mpaka baba akatoka ndani na kikombe cha maji.

"Wangapi?" akauliza alipopata pumzi.

"Sikuhesabu. Pole haihesabiwi."

"Basi kesho asubuhi, Ndugu Sefu, twende tukawanyang'anye mizigo."

Mnadhani tuliwapata? Jumanne, hakuna. Jumatano, hakuna. Wale waliokuwa wakiangukia mwavuli wangu kama wageni wa harusi, sasa walikuwa wametoweka, kana kwamba habari imewafikia. Titye kulikuwa kumechomwa moto upande mmoja kuandaa mashamba. Alhamisi nilipiga vichaka mpaka fimbo ikavunjika. Niliona majimoto halisi, waliniuma halisi. Bi Tumaini alianza kufunga vitu vyake. Kicheko cha Jumatatu kilikuwa kimeisha. Nilijua akiondoka bila dume ni kwa sababu ya adabu yangu.

Ijumaa nilimwomba tutoke mapema, tuwahi kabla ya sala. Tukaenda kando ya kijito cha Titye ambako moto haukufika. Kabla ya kuondoka nyumbani niliiosha ile mirija vizuri kwa maji ya moto, maana nilitaka siku ya mwisho kila kitu kiwe safi. Kumbukeni hapo. Vijana, mkiosha chombo, kirudishieni kila kilichotoka.

Kichaka cha tatu. Nikapiga. Kwenye marekani wakaanguka kipepeo mmoja, vijiti, mende wadogo, na chungu mwekundu aliyebeba mzigo.

Sikusema pole. Nilipiga kitambaa kwa kidole. Akaruka! Akabaki ananing'inia ukingoni mwa mwavuli, kwenye uzi unaometa juani.

"Bi Tumaini," nikanong'ona.

"Namwona. Vuta."

Nikaelekeza mrija, nikasema Bismillahi, nikavuta kwa nguvu zote za wiki nzima.

Kichupa kilikuwa kitupu.

Kwenye ulimi wangu kulikuwa na mtu anatembea.

Nilijua papo hapo shashi iko wapi: kwenye sinia nyumbani, imeanikwa. Nikaganda, mdomo nimeufunga.

"Yuko wapi?" Bi Tumaini akauliza.

Nikaonyesha mdomo.

"Usimeze."

Nikatikisa kichwa.

"Usimeze mate, usipumue kwa mdomo, usiseme neno. Fungua polepole. Polepole!"

Nikafungua. Namshukuru Mungu kwa kumuumba buibui yule na moyo wa kiungwana. Alitembea mpaka kwenye mdomo wa chini, akasimama kizingitini, nadhani akatazama huku na huku kwa yale macho yake, akabandika uzi wake, akaruka. Akaishia kwenye ndevu zangu. Nilikuwa na ndevu changa, chache, za kijana anayejitahidi, na yeye akazama humo.

Wakati huo huo, njiani kwa juu, akatokea Mama Yoranda, jirani yetu wa zamani, na kapu la mihogo kichwani. Aliona nini? Aliona kijana wa Mzee Hamisi, mchana wa Ramadhani, mdomo wazi, na mwanamke mgeni anamkaribia usoni.

"Mwakeye," akasalimia, kwa sauti ya mtu anayekusanya ushahidi. "Sefu, unakula nini?"

Nikamkodolea macho.

"Nakuuliza, wewe mtoto. Shehe anajua?"

"Usijibu!" Bi Tumaini akafoka.

"Yoo! Na anakatazwa kujibu!"

"Mama, samahani," Bi Tumaini akasema bila kuondoa macho kwenye kidevu changu, "ana buibui kwenye ndevu. Huyo buibui nimemtafuta miezi mitatu."

Mama Yoranda akafanya jambo ambalo mwenye mzigo hafanyi: alitua kapu. Akashuka mpaka tulipo, akainama, akanikodolea.

"Simwoni buibui. Naona chungu amebeba kitu."

"Ndiye!"

"Basi anapanda. Anakwenda sikioni. Sefu, tulia, la sivyo nitakupiga kofi, na kofi langu unalijua."

Akaweka kiganja chake kipana kando ya shavu langu kama ukuta. Buibui akafika kwenye kiganja, akasimama, akageuka kumtazama Mama Yoranda usoni. Akarudi nyuma. Bi Tumaini akashusha kichupa taratibu, akamfunika, akatelezesha kizibo kwa chini. Akaondoa na nywele mbili za ndevu zangu, zikaingia humo humo.

"Tayari," akasema kwa sauti ndogo.

Tulipiga kelele mpaka ndege wa kijito chote wakaruka. Bi Tumaini na Mama Yoranda walishikana mikono wakazunguka, mmoja akiimba wimbo wa kanisani wa Kipare, mwingine wa Kiha, na nyimbo wala hazikugongana. Mimi nilikuwa natema mate na kusema alhamdulillahi, kutema na kusema, kutema na kusema.

Niliwahi sala. Baada ya sala nilimfuata Shehe Idi.

"Yametokea," nikasema.

Akafumba macho. "Amepita kooni?"

"Hapana. Alitoka mwenyewe, kwa miguu yake."

"Basi saumu yako iko salama." Akafumbua jicho moja. "Nenda ukampumzishe. Mdomoni mwako si mahali pa kumpeleka kiumbe bila taarifa."

Alasiri Bi Tumaini alimweka dume kwenye bilauri pamoja na jike mmoja, tuone kama ni wa aina moja. Baba aliacha wateja, wateja wakaacha duka, tukajazana kuzunguka bilauri. Dume aliinua miguu ya mbele, akafungua taya zake ndefu kama mtu anayefungua milango miwili ya nyumba kukaribisha wageni, akayumba kulia, akayumba kushoto. Jike alisimama akamtazama. Kisha naye akainua miguu, akajibu.

"Ni yeye," Bi Tumaini akasema. "Ni mume wake."

Fundi cherehani akapiga vigelegele, jambo ambalo si la wanaume, na hakuna aliyemkemea.

Kwenye spiriti nilimtia mimi mwenyewe, kwa Bismillahi. Sitawadanganya kwamba sikusikitika.

Jua lilipokaribia kuzama, Bi Tumaini aliketi mezani na kalamu ya nibu na wino mweusi usioyeyuka. Mbele yake kulikuwa na kikaratasi kisichozidi ukucha. Alinieleza kwamba kikaratasi hicho kitakaa ndani ya kichupa na buibui, na kitasomwa na watu ambao bado hawajazaliwa. Kwa hiyo hapo hauandikwi uongo, hayaandikwi hata mapambo. Kiumbe alipatikana wapi, siku gani, na nani. Akaandika kwa herufi ndogo mno, akanisomea.

"Titye, Kasulu. Dume. Kichaka kando ya kijito, kisha ndevu za mkusanyaji. Mkusanyaji, Sefu Hamisi."

"Bi Tumaini," nikasema, "ndevu zifute."

"Kwa nini?"

"Watu wasomi watasoma."

"Ndugu Sefu, alikamatwa wapi?"

Nikatazama barabara. Nikatazama paa la duka.

"Kwenye ndevu," nikasema.

Akapuliza wino mpaka ukakauka, akakitumbukiza kikaratasi ndani ya kichupa, akakiziba.